Una ugonjwa wa moyo? Usikimbilie sindano ya kupunguza uzito
Kama moyo wako unashindwa kufanya kazi na umesikia huko Tarime au Mugumu sifa za sindano za kupunguza uzito, usinunue kwanza. Utafiti wa mwaka 2023 uliwahusu wagonjwa 529 wanene, ambao moyo wao umekakamaa lakini bado unasukuma damu. Waliochomwa semaglutidi kila wiki kwa mwaka mmoja walipungua uzito kwa takriban asilimia 13, wakaweza kutembea umbali mrefu zaidi. Moyo uliolegea ni habari nyingine. Kwake usalama wa dawa hizi haujathibitika. Kinachotofautisha ni kipimo cha eko, na Bugando, Mwanza, kipo.

Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu na miguu ikavimba, hayo ni maji, si mafuta. Wahi hospitali.