Rafu ya mvinyo? Fundi wa Mai Mahiu anaiweza, mpe kazi

Vijana wengi wa mjini wameanza kupenda mvinyo. Ukiingia kwa keja zao utakuta chupa mbili tatu zimesimama juu ya friji, na mwenyewe yuko kwa simu akitafuta rafu ya kuzipanga. Ataagiza moja kutoka ng'ambo, iliyoundwa kwa vumbi la mbao na gundi, na atalipa bila kuuliza mara mbili. Lakini huyo huyo akisimama kwa seremala wa barabarani Mai Mahiu, ghafla elfu mbili ni pesa nyingi. "Fundi, fanya mia nane basi."

Tuseme wazi: hii tabia inaua kazi za vijana wenzetu.

Rafu ya mvinyo si kitu cha ajabu. Chupa ya kawaida ya mililita 750 ina urefu wa kama sentimita 30 na upana wa sentimita 7 na nusu hivi. Unahitaji vipande viwili vya mbao vilivyolala sambamba: cha mbele kina vikato vidogo vya kushika shingo, cha nyuma kina vikato vikubwa vya kushika tumbo la chupa. Toka kikato hadi kikato acha sentimita 10. Mbao ya sentimita 65 inabeba chupa sita. Miguu minne, skrubu, gundi, msasa, kisha vanishi. Seremala anayejua kazi yake anaimaliza kwa siku moja. Chupa hulazwa ili kizibo kisikauke na kuingiza hewa. Zile za kifuniko cha kusokota hata zikisimama hakuna noma.

Na usidhani mvinyo ni mambo ya Wazungu pekee. Naivasha, jirani tu wa Mai Mahiu, zabibu zimelimwa na mvinyo wa Leleshwa ukatengenezwa. Leleshwa lenyewe ni jina la kichaka chenye harufu nzuri kinachomea kote Bonde la Ufa.

Sasa mbao zitoke wapi? Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza akiwa Molo, papa hapa Nakuru, kwamba marufuku hayo yameondolewa. Mvutano kuhusu misitu haujaisha, na kijana mwenye akili hangoji uishe. Mai Mahiu ni mji wa malori, na mizigo mingi husafiri juu ya paleti. Paleti iliyochoka ni mbao iliyokwisha kulipiwa. Ila soma muhuri wake kwanza: HT maana yake ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua, MB maana yake ilipuliziwa gesi ya sumu ya kuua wadudu, hiyo wachana nayo.

Kwa nini tunaishikilia Mai Mahiu? Kwa sababu usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, mafuriko yalifagia kijiji cha Kamuchiri na kuua zaidi ya watu 45. Nyumba zilienda na vitanda, milango na meza zake. Rambirambi zilitumwa, kamera zikaja zikaondoka. Mji uliopigwa hivyo hausimami kwa misaada pekee. Unasimama watu wakipata kazi, na kazi huanza mteja anapoagiza kitu na kukilipia bei yake.

Mji huu unajua thamani ya kazi ya mikono. Kanisa dogo lililo kando ya barabara pale chini ya mteremko lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita Waitaliano waliokuwa wakichonga barabara hiyo. Hadi leo magari husimama watu washuke kulitazama.

Nanyi mafundi, mna lenu. Mteja akisema Jumamosi, iwe Jumamosi. Piga msasa hadi nyuma pasipoonekana. Usichukue deposti ukazima simu. Piga picha kila kazi uliyomaliza na uiweke mtandaoni, maana mteja wako anaishi huko. Anayetengeneza rafu ya mvinyo safi ataitwa kesho kwa rafu ya viatu, ya vitabu na ya jikoni.

Kama hunywi, rafu ni hiyo hiyo. Laza chupa za maji na sharubati. Muhimu ni pesa imebaki wapi. Wikendi hii ukishuka mteremko ule kuelekea Naivasha, usiishie kupiga selfi pale juu. Simama mjini, beba vipimo vyako, elewana na fundi, na umlipe kama unavyolipa duka la mtandaoni: bila kulialia.