Unayemkimbia ajenti ndiye unamlisha

Vijana wenzetu wa Kirungu na wa Moba-Port, na ninyi wengine mulioenda kutafuta maisha Kalemie ao Lubumbashi lakini bado munatusoma,

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho hakitatuongezea marafiki. Kila mwaka mchezo ni ule ule. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili unapita, hakuna mtu anataja kodi. Ukimuuliza mwenye moto, mushonaji, dada wa salon ya nywele, kijana anayeuza yuniti chini ya parasoli, anakujibu: "Bado kuna wakati." Halafu asubuhi moja simu zinaanza kulia: "Bako ku soko!" Hapo duka zinafungwa saa nne. Wenye moto wanapita njia ya nyuma. Mama wa ndakala anafunika beseni na kitenge na kumwachia mtoto, yeye anaenda kukaa kwa jirani mpaka jua lishuke.

Na jioni tunacheka. Tunasema: "Tumewaponyoka."

Nani ameponyoka? Yule ajenti amerudi nyumbani na mfuko umejaa. Kila mtu aliyekamatwa nusu ya njia alimpa kitu. Elfu mbili hapa, elfu tatu pale, ndoo ya samaki kwa yule asiyekuwa na pesa mkononi. Hakuna hata kitansi moja iliyoandikwa. Wiki mbili baadaye atarudi, juu anajua vizuri kama hatuna karatasi.

Tufanye hesabu pamoja, wala haiombi diplome. Tuseme unatoa franka 3,000 mara mbili kwa mwezi ili wakuache. Kwa mwaka ni franka 72,000. Sasa soma hii: amri-sheria namba 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013, ile inayohusu kazi ndogo ndogo, iliweka kwamba mtu ambaye mauzo yake ya mwaka hayapiti franka 10,000,000 analipa kodi ya faida ya franka 50,000. Kwa mwaka muzima. Mwenye kupita hapo lakini hafiki franka 80,000,000 aliwekewa asilimia 1 ya mauzo kama anauza bidhaa, na asilimia 2 kama anauza kazi ya mikono yake, sawa vile kushona ao kutengeneza moto. Ndiyo andiko lenyewe. Mtu akija kwako na hesabu nyingine na kusema sheria imebadilika, sawa, inawezekana, sheria zinabadilika. Akuonyeshe hiyo sheria mpya, yenye namba na tarehe. Mdomo wake si sheria.

Kwa hiyo ndugu anayejiona mjanja kwa kukimbia analipa kuliko yule aliyelipa kodi. Analipa zaidi, halafu hana kitu cha kuonyesha, na barabara haipati hata franga moja. Hata kama unaichukia Leta kwa moyo wako wote, hapa hujaiumiza. Umemtajirisha mtu mmoja.

Tunajua jibu, tunalisikia kila siku: "Leta inanipa nini?" Swali ni la haki na hatutaki kulizima. Barabara ya Kalemie mpaka Moba, kila mtu aliyewahi kuipita wakati wa mvua anajua iko namna gani. Katiba ya 2006, artikile 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inabaki palepale yanapopatikana. Miaka imepita, na majimbo yanaendelea kulia kwamba haki hiyo haiheshimiwi. Jimbo letu la Tanganyika lilizaliwa 2015 Katanga ilipogawanywa, na tangu hapo tunaambiwa tungoje. Hasira yetu iko na sababu.

Lakini tusidanganyane juu ya jina la kitu. Kukataa kulipa kwa sababu ya siasa ni kitu kinachojulikana duniani, na wanaokifanya wanakifanya mchana. Wanasema: hatulipi, sababu ni hizi, tunadai hiki, majina yetu ni haya. Wanabeba matokeo. Wewe uliyefunga duka na kujificha kwa jirani hukudai kitu chochote. Hakuna gavana aliyesoma madai yako. Hakuna deputee aliyeulizwa swali. Unajificha, halafu jioni unajipa jina la mpinzani juu ya bia. Samahani, lakini mwendo wa wananchi haujengwi chini ya kitenge.

Angalieni vijana wa Kenya mwaka 2024. Walipoletewa mswada wa kodi, waliusoma. Waliupitia kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha ambazo bibi zao wanaelewa, wakajua kila kodi mpya inagusa mkate wa nani. Walipoingia barabarani walikuwa na hesabu mdomoni. Tarehe 25 Juni watu walipigwa risasi na kufa, na hatutaji jambo hili kwa wepesi. Kesho yake, tarehe 26, Rais Ruto alisema hatausaini. Walikuwa wanajua wanachokataa. Sisi hapa, nani kati ya wanaopiga kelele anaweza kutaja tofauti ya kodi ya DGI, malipo ya DGRAD, kodi ya jimbo na pesa ya soko? Wachache sana. Na katika huo usiogo wa kutojua ndimo mtu yeyote mwenye kofia na kitabu cha karatasi anapopitia.

Wazee wetu walikuwa na sababu ya kukimbia, na tunawaheshimu. Wakati Kirungu ilikuwa inaitwa Baudouinville, kodi ya kichwa ilikuwa kamba ya Mbelgiji. Mtu alilipa kwa sababu ana kichwa, basi, awe na kazi ao asiwe nayo. Ukikosa, jela. Ilikuwa njia ya kuwatoa watu mashambani mwao na kuwasukuma kwenye kazi ya mzungu, na hapakuwa na bunge la kuuliza, wala kura, wala katiba. Kukimbilia porini ajenti anapofika ilikuwa akili. Tuliurithi huo mwendo wa miguu, tukausahau ulikotoka. Leo mtu anakimbia na mfukoni ana karata ya kupiga kura.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajui, na hapa ndipo kungoja kunaumiza zaidi. Kodi ya faida katika nchi yetu inaanza na deklarasio, na deklarasio unaijaza wewe mwenyewe. Wewe ndiye unaandika: nimeuza hiki, basi kodi yangu ni hii. Ndivyo sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003 ilivyopanga. Neno la kwanza ni lako. Lakini usipoandika, sheria ile ile inaipa ofisi ya kodi nguvu ya kukukadiria yenyewe, na juu yake kuna amandi ya kuchelewa. Hapo si wewe tena unayesema ulipata ngapi. Mtu aliyepita mbele ya duka lako siku ya soko, akaona watu kumi wamesimama, ndiye anaamua kama wewe ni tajiri. Kisha wewe ndiye wa kutafuta ushahidi kwamba wale kumi walikuwa wanangoja mvua iishe.

Anayengoja anakuwa ameuza neno lake la kwanza. Na ajenti mbaya anaijua bei. Anakuambia: "Umechelewa, amandi yako ni kubwa, lakini tunaweza kuelewana." Hayo maneno matatu ya mwisho yanafanya kazi kwa sababu moja tu: wote wawili muko katika makosa, kila mtu anaogopa mwenzake aseme. Mwenye karatasi ya mwaka huu hana cha kuelewana. Anaionyesha, anairudisha mfukoni, anaendelea kusuka nywele.

Tarehe nazo, mutuache tuseme. Makampuni ya kawaida yanajua kwamba deklarasio ya mwaka ya faida ni mpaka tarehe 30 Aprili, na yana mtu wa hesabu anayelipwa kuikumbuka. Wewe huna huyo mtu. Patanti ya biashara ndogo, ile ya sheria ya tarehe 2 Agosti 1979, nayo ni ya mwaka, na mwaka ukiisha nayo imeisha, hata kama uliiweka vizuri ndani ya plastiki. Kila kodi iko na siku yake. Uliza siku yako mwezi wa kwanza, wakati buroo haina watu na hakuna anayekutafuta. Ukienda siku mbili mbele ya mwisho, utakuta mstari, karatasi zimeisha, na kando ya mlango kuna kijana mpole anayejitolea "kukusaidia haraka". Huyo si wa buroo na si rafiki yako.

Tunasikia pia: "Sina 50,000 za kutoa mara moja." Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu kubwa kuliko uvivu. Nani hapa anaamka na franka 50,000 zilizolala? Lakini gawanya kwa wiki 52: haifiki franka 1,000 kwa wiki. Mama zetu wanaweka zaidi ya hapo kwenye AVEC na likelemba, na sanduku lenye kufuli tatu halijawahi kuwashinda. Weka yako pembeni kila siku ya soko. Wenye moto wa kituo kimoja waweke pamoja, wachague mtu ambaye hanywi. (Tunajua, ni kazi kumpata. Yuko.) Na nunua kaye. Upande mmoja umeuza ngapi, upande mwingine umetoa ngapi. Bila kaye huwezi kujaza deklarasio ya ukweli, na huwezi kupinga mtu anapokukadiria. Mwenye kuanza kuandika mwezi wa nne anaandika hadithi.

Kwa wale wenye kusema "niko na mujomba kule ndani, hakuna mtu atanigusa": mujomba wako anaweza kutumwa Manono kesho.

Sasa upande wa Leta, maana hatukuanzisha mwendo huu ili kuwa wasemaji wa kodi. Artikile 65 ya Katiba inasema kulipa kodi ni wajibu wa kila Mukongomani. Tunaikubali. Lakini artikile 174 inasema hakuna kodi bila sheria, na artikile 28 inasema hakuna mtu analazimishwa kutii amri ambayo ni wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Hizo zote tatu ziko katika kitabu kimoja, na mwenye kutusomea ya kwanza atusomee zote. Kwa hiyo tunadai orodha ya kila kodi inayoombwa Kirungu na Moba, kwa Kiswahili, yenye bei na namba ya sheria, ibandikwe ukutani sokoni na bandarini, fasi ambayo mama wa ndakala anaweza kuisoma ao kusomewa. Tunadai kitansi kwa kila franga. Tunadai ajenti avae jina lake. Tunadai watu wa kodi waje kukaa hapa juu Kirungu siku kadhaa mwanzoni mwa mwaka, meza na kiti, watu wajaze deklarasio bila kupoteza siku ya kazi na pesa ya moto. Kama wanaweza kuja na vizuizi, wanaweza kuja na meza.

Na tunataka kujua pesa inaenda wapi. Hilo ndilo swali letu kubwa, lakini sikilizeni vizuri: mtu asiye na kitansi akiuliza swali hilo mbele ya administratere, ataulizwa yake kwanza. Na atanyamaza. Tumechoka na mikutano ambamo nusu ya chumba inanyamaza. Tunataka kuingia watu mia, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na kuuliza: hizi hapa ni zetu, zenu ziko wapi?

Jumamosi zote za mwezi wa kwanza, asubuhi, tutakuwa sokoni Kirungu na meza moja na kalamu. Leta kaye yako, leta patanti ya mwaka uliopita kama unayo, leta kitansi zote, hata zile zilizoingia mafuta ya samaki. Kama hujui kuandika, njoo na mtoto wako wa shule ao utatukuta sisi. Tutajaza pamoja bure. Kisha tutachagua siku moja ya kazi na kwenda buroo wote mara moja, mchana, bila wimbo na bila vurugu. Mtu yeyote akituomba pesa isiyo na kitansi, tutamuuliza jina lake na namba ya sheria, na yote mawili tutayaandika ndani ya kaye mbele yake.