Fildi ya Nyaraka Ianzie Butiama

Kijana wa Kisorya, kule Bunda, anayesomea utunzaji wa kumbukumbu anapokaribia mafunzo kwa vitendo, ile fildi ya wanafunzi, swali la kwanza nyumbani kwao huwa ni nani atampokea. Akiwa na shangazi Mbagala, ataomba nafasi Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Asipokuwa naye, ataangukia masjala ya ofisi iliyo karibu, na wiki zitakwisha akipeleka majalada mezani kwa wakubwa na kuyarudisha, akigonga mihuri kwenye barua zilizoingia. Kazi ya masjala ni ya heshima, na serikali haiendi bila hiyo. Lakini kijana huyu atarudi chuoni na alama nzuri bila kuwahi kushika karatasi iliyomzidi babu yake umri.

Nasema mafunzo hayo yafanyike Butiama, na wanafunzi wa Mara na Ukerewe wawe wa kwanza kupewa nafasi.

Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu J.K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki. Humo umo mswada wa tafsiri yake ya Kiswahili ya kitabu cha Plato kuhusu dola, alioufanyia kazi kwa mkono wake. Pale Mwitongo, nyumbani kwake, iko maktaba yake binafsi yenye maelfu ya vitabu. Chuo kikuu chenye jina lake nacho kiko wilaya hiyohiyo ya Butiama. Watalii na wanafunzi wa shule huja, hutazama, huondoka. Kutazama kuna faida yake, ila hakuifanyi karatasi idumu.

Mpe mwanafunzi boksi moja tu la karatasi hizo. Kwanza atatoa pini na klipu zilizoshika kutu, maana kutu hula karatasi. Atapangusa vumbi kwa brashi laini, kisha atazipa kurasa namba kwa penseli, kamwe si kwa wino. Halafu inakuja kazi ngumu, ambayo ni kusoma: nani kaandika, kwa nani, lini, na kwa nini barua hii imefungwa pamoja na ile. Mpangilio aliouacha mwenye karatasi asiuvuruge hata ukimwudhi, kwa sababu nao ni ushahidi. Mwisho ataandika orodha ya yaliyomo, nayo ibaki na jina lake chini, ili mtafiti atakayekuja miaka ishirini baadaye ajue nani wa kumshukuru.

Wapo wanaohofia siri, wizi na mikono isiyozoea, na wana haki. Karatasi binafsi za Mwalimu haziguswi bila ridhaa ya familia. Kwa kumbukumbu za umma tayari tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, ambayo kwa kawaida huzifungulia watafiti zikishatimiza miaka 30. Mwanafunzi anaweza kuanzia kwenye vitabu na magazeti, chini ya macho ya mhifadhi, kabla ya kukabidhiwa mswada. Hofu hizo zinadai usimamizi mzuri. Hazitoshi kumfungia mlango.

Kuna jambo jingine linalonisukuma zaidi. Ukivuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi umefika Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka 1980 kwa Kiswahili, katika tafsiri yake mwenyewe, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 kazi kubwa kama ile ilikuwa rundo la karatasi tu, na msimu mmoja wa mchwa ungetosha kutunyima kazi hiyo. Hata leo, madaftari ya makatekista, walimu wa zamani na makarani wa watemi yaliyomo kwenye masanduku ya bati huko Majita, Ikizu na visiwani hayana mtu wa kuyatolea orodha. Mengine yana Kijita, mengine Kikerewe au Kizanaki. Msomi kutoka mbali atahitaji mkalimani, wakati binti wa Kisorya aliyelelewa na bibi yake atayasoma moja kwa moja.

Inabaki fedha, na hapa sitaki tuzungushane. Fildi isiyo na posho ni fildi ya wenye ndugu mjini. Familia inayoishi kwa dagaa na mihogo haiwezi kumlipia mtoto chumba na chakula kwa miezi miwili ili akafanye kazi ya taifa bure. Halmashauri za Bunda na Butiama zikichangia chakula na nauli, chuo kikuu kikatoa kitanda bwenini wakati wa likizo, na Makumbusho ya Taifa ikamteua mhifadhi mmoja kuwa msimamizi, waanze wanafunzi wawili. Chuo cha Utumishi wa Umma kimpeleke mmoja, na chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kimpeleke mwingine. Kila mmoja akabidhiwe boksi lake siku anayoripoti, na asisainiwe kitabu chake cha mafunzo mpaka orodha ya boksi hilo iwe imekamilika na nakala yake iko mezani kwa mhifadhi.