Mbwa Chotara na Nguvu Zilizokosa Njia

Juma hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya kiumbe anayeishi katika nyua nyingi za miji yetu, ila hafikiriwi sana: mbwa chotara aliyezaliwa na German Shepherd pamoja na mbwa wa kienyeji. Huchukuliwa akiwa mdogo kwa ajili ya ulinzi. Akikua hufungwa mnyororo tangu asubuhi hadi usiku, naye akibweka kutwa na kufukua bustani, wenye nyumba husema, "Huyu ni mkali kwa asili." Sisi twaona kwamba mara nyingi kinachoitwa ukali ni nguvu zilizokosa njia.

Kwanza, tuitazame asili yake. Klabu ya German Shepherd iliundwa Ujerumani mwaka 1899, chini ya Max von Stephanitz, aliyetaka mbwa wa kuchunga kondoo, mwenye kutembea kutwa bila kuchoka na kumsikiliza bwana wake. Mbwa wa kienyeji naye, kwa vizazi vingi, amefuatana na wachungaji na wawindaji, akajitafutia riziki kwa akili yake mwenyewe. Wazazi hao wawili hawakuzoea kukaa bure. Watoto wao wa tumbo moja waweza kutofautiana kabisa: mmoja mpole, wa pili mwoga, wa tatu asiyetulia hata kidogo. Kwa hiyo chotara asihukumiwe kwa masikio yake yaliyosimama. Na aangaliwe yeye mwenyewe.

Pili, wapo wanaodai kwamba mbwa akizoea watu na matembezi hatalinda tena. Hoja hiyo hatuikubali. Mlinzi mwema ni yule anayejua kumtofautisha mgeni na mwizi, naye hawezi kujifunza tofauti hiyo ikiwa hajakutana na mtu yeyote isipokuwa yule anayemletea ugali. Aliyefungwa siku zote humwona kila apitaye kuwa adui. Siku mnyororo ukikatika, huenda atakayeumwa asiwe mwizi, bali mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake. Kisha mbwa huuawa, na nyumba mbili huacha kusalimiana.

Tatu, nini kifanyike? Mbwa mzima wa namna hii ahitaji mwendo wa saa moja hadi mbili kila siku, ugawanywe alfajiri na jioni. Kwa maana mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema, na joto la mchana laweza kumwua. Aliye mdogo asikimbizwe mno, maana maungo yake hayajakomaa; ila azoeshwe mapema, hapo nyumbani, sauti mbalimbali, watoto na wageni. Samaki mkunje angali mbichi. Akili nayo ipewe kazi: afichiwe chakula akitafute kwa pua, afundishwe kukaa na kungoja. Kabla ya kutolewa barabarani awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na ashikwe kwa kamba imara. Wapo majirani wanaomwogopa, na wengine ambao kwa imani yao huepuka mate ya mbwa. Hao tuwapishe njia kwa heshima.

Mtu atauliza: muda huo tutautoa wapi? Swali ni la haki, lakini mahali pake ni kabla ya kumleta mbwa nyumbani. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nalo ni jambo jema. Hata hivyo, sheria haitaamka alfajiri kumtembeza mbwa kwa niaba yetu. Asiye na nafasi hiyo atafute mlinzi, au aimarishe lango na kufuli zake, wala hakuna aibu. Bali anayemtaka chotara huyu kwa ajili ya meno yake, na akubali kuichukua na miguu yake.