Kompyuta Ipange Daraja, Mtaalamu Apime

Mtu aliyeumia uti wa mgongo, awe ameanguka kutoka mtini au amegongwa na gari, hupimwa kisha hupewa daraja kwa herufi moja kati ya tano, A hadi E. A ni jeraha kamili: hakuna hisia wala nguvu iliyobaki katika sehemu ya mwisho kabisa ya uti. E hupewa yule ambaye vipimo vyake vimerudi kuwa vya kawaida. Herufi hiyo huamua familia itaambiwa itarajie nini, mazoezi yapangwe vipi, na kama mgonjwa anaweza kuingizwa katika utafiti wa tiba mpya. Kwa hiyo kuikosea ni kumdhulumu mgonjwa. Naona kazi ya kupanga daraja ikabidhiwe algoriti ya kompyuta, ili nguvu ya wataalamu ielekezwe kwenye upimaji wenyewe.

Ugumu umo ndani ya vigezo vya kimataifa, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982 na chama cha Marekani cha majeraha ya uti wa mgongo. Kila upande wa mwili, sehemu 28 za ngozi hupimwa kwa mguso mwepesi na kwa ncha ya pini, na misuli 10 hupewa alama 0 hadi 5. Jumla kwa pande zote mbili ni vipimo 132, bado hujagusa vipimo viwili vya njia ya haja kubwa. Baada ya hapo huja kanuni zinazotatiza hata wazoefu. Ili kutenganisha B na C, mpimaji huweza kulazimika kuangalia nguvu iliyobaki zaidi ya ngazi tatu chini ya kiwango cha misuli cha kila upande. Ili kutenganisha C na D, huacha kipimo hicho na kuhesabu misuli iliyo chini ya kiwango kimoja cha jeraha zima. Mtu aliyechoka usiku wa manane huchanganya viwango hivyo kwa urahisi. Kompyuta iliyoandikiwa kanuni sahihi haivichanganyi.

Wapo wanaohofu kuweka hatima ya mgonjwa mikononi mwa mashine isiyojieleza. Hofu hiyo inastahili pale mashine inapojifunza kubahatisha kutokana na data. Algoriti ya aina hii hufuata kanuni zilizochapishwa, na kila hatua yake inaweza kukaguliwa. Taasisi ya Rick Hansen ya Kanada ilitengeneza moja na kuiweka kwenye intaneti bila malipo, hivyo gharama si kisingizio kikubwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kompyuta haimwoni mgonjwa. Mkono uliovunjika hupata alama ndogo ingawa neva zake ni nzima, na algoriti ikiachwa peke yake italihesabu hilo kuwa jeraha la uti. Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka alama ya nyota kwa upungufu usiotokana na uti, na nyota hiyo huwekwa na mtaalamu anayemjua mgonjwa wake. Vilevile, pini ikichomwa kwa pupa au kipimo cha njia ya haja kubwa kikirukwa kwa aibu, kompyuta itatoa jibu nadhifu lililo kosa. Wengine wanasema vijana watasahau kanuni. Dawa yake ni kumtaka mwanafunzi apange daraja mwenyewe kwanza, ndipo alinganishe na jibu la kompyuta. Kila tofauti itakuwa somo.

Hospitali zinazopokea majeruhi hawa, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki, zifanye mambo mawili pamoja. Zihifadhi alama zote za vipimo badala ya herufi pekee, ili daraja liweze kuhakikiwa upya hata kanuni zikibadilika. Na muda unaookolewa katika kukokotoa utumike kuwafundisha madaktari, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia kupima kwa makini na kwa heshima. Algoriti bila upimaji mzuri itaharakisha makosa tu. Ikiungana nao, mgonjwa atapata daraja lilelile popote atakapopimwa.