Umeme na Maji ya Kuoga

Siku hizi wengi hupasha maji ya kuoga kwa hita ya koili itiwayo ndooni. Nanyi mwapimaje kama yamepata moto? Kwa kidole! Ndugu, umeme wa nyumbani ni volti 230, na maji ya kisima huupitisha. Kuzima swichi hakutoshi: chomoa plagi, ndipo uguse. Ndoo ya bati ndiyo mbaya zaidi.

Wewe baba mwenye nyumba, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aweke swichi ikatayo umeme uvujapo miliampea 30. Atazame na waya wa ardhi. Udongo wetu wa Shinyanga hukauka sana kiangazi, na fimbo iliyochimbiwa kifupi husaidia kidogo tu.