Bosi wa Desemba, Mchele Umegawa. Isale Je?

Wadau, huyu mtu kila mmoja anamjua. Jina halina haja, maana kuanzia Machame mpaka Rombo kila kijiji kina wa kwake. Anatoka Dar alfajiri na gari linalong'aa, anapita Chalinze, Segera, Same, na akifika Himo tu ameshaposti: nyumbani kumenoga. Pale Kiboriloni anakunja kupanda Old Moshi, muziki juu, na akina mama wanaoshuka na mikungu ya ndizi kichwani wanaruka mtaroni kumpisha.

Kesho yake ni shughuli. Mchele, sukari, mafuta, khanga. Bibi wamepangwa foleni, kamera iko tayari, chawa wanaandika "roho ya dhahabu" kabla hata mfuko wa kwanza haujafunguliwa.

Wanaosema ni kiki tupu wanakosea. Mchele ni wa kweli na bibi ataupika kweli. Huyo huyo bosi analipa ada ya mtoto wa jirani na hajawahi kuisema popote. Jamaa ana huruma. Ndiyo maana inaudhi.

Kwa sababu nyuma ya migomba, hatua kama hamsini hivi, kuna nyumba ya mdogo wake. Kitinda mimba, yule ambaye kwa mila ya Kichagga ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Alibaki kweli. Alimuuguza mama, alimbeba kwenda chooni, alimzika. Bosi akaja na ramani ya ghorofa, akataka mpaka usogee kidogo ili magari yapate pa kugeuzia. Mdogo akagoma. Bosi akang'oa masale ya mpakani, na maneno yaliyotoka siku ile, tena matanga hayajaisha, hayasemeki mbele ya watu wazima. Krismasi ya tatu sasa hawasalimiani. Siku ya mgao, watoto wa mdogo wanachungulia tu kwenye migomba.

Na usiku, wageni wakishaondoka, mbege ikibaki kwenye kata, bosi anatazama ile taa ya upande wa pili. Anataka kwenda. Anasimama kabisa. Halafu kichwa kinaanza: mimi ndiye mkubwa, mimi nimejenga, gharama za msiba nimetoa mimi, yeye ndiye aje. Anakaa tena.

Hapo ndipo chawa wanapotakiwa wanyamaze, lakini ndipo wanapopiga kelele zaidi. "Achana nao bosi, ndugu ni wachawi tu, wana wivu." Wanamjua mdogo wapi? Hawajawahi kukanyaga hicho kihamba. Wanampa kiburi chakula kila siku, halafu wanakiita kujithamini.

Wengine watasema mambo ya familia yaachwe nyumbani. Sawa, ila nani aliyeyatoa? Kaburi la mama limepostiwa na maua juu yake. Aliyepalilia majani pembeni ya hilo kaburi mwaka mzima hayumo kwenye picha.

Wazee wa mlimani waliliona hili zamani, wakaacha dawa: jani la isale. Aliyekosa analifunga, analipeleka kwa aliyekosewa, na kwa mila anayeletewa hatakiwi kulikataa. Halinunuliwi. Haliuzwi Kariakoo wala halitangazwi na staa yeyote. Na ndiyo maana ni zito kuliko magunia yote yale, maana anayegawa mchele anashukuriwa, ila anayebeba isale anakwenda kusema nimekosa, kwa mtu anayelijua kosa lenyewe hadi tarehe. Bibi wa kwenye foleni hajui lolote, anapokea na kubariki. Wema kwa asiyekujua ni mwepesi mno, jamani.

Na kuna jambo ambalo bosi halisemi hata kwa mkewe. Mchagga akifia Dar, safari ni kurudi kihambani. Siku hiyo ghorofa halitafungua geti lenyewe. Atakayepokea jeneza, atakayeonyesha pa kuchimba, ni huyo huyo wa nyuma ya migomba.

Mwaka mpya ukiingia, gari linageuzwa kurudi mjini. Upande wa mdogo masale bado yamesimama. Kukata jani moja ni sekunde tano, na saa kumi na moja alfajiri chawa wote bado wamelala.